The War of the Worlds ya 1938: mchezo unaoijua redio kuliko unavyoijua Mirihi

Ukitaka kuusikiliza mchezo huu wa redio ndani ya matatu ya Kisumu kwenda Kakamega, afadhali usubiri ufike nyumbani. Makelele ya makanga yanavumilika, na hata muziki wa dereva unavumilika. Tatizo ni kwamba sehemu yake bora kabisa ni kimya cha sekunde chache tu, na kimya hakisikiki ndani ya gari linalopanda mlima kwa gia ya pili. Sifa zote za The War of the Worlds, na karibu kasoro zake zote, zinatokana na jinsi redio inavyofanya kazi na jinsi inavyokatika.

Mchezo huu ulirushwa moja kwa moja na shirika la redio la CBS kutoka New York usiku wa Jumapili, Oktoba 30, 1938. Kundi lililouigiza liliitwa Mercury Theatre on the Air, na kiongozi wake, Orson Welles, alikuwa kijana wa miaka 23. Kisa kimetoka katika riwaya ya H. G. Wells ya 1898, ambamo viumbe wa sayari ya Mirihi wanavamia Uingereza. Mwandishi wa mchezo, Howard Koch, aliuhamishia uvamizi Marekani. Alieleza baadaye kwamba alifumba macho, akaangusha penseli kwenye ramani, ikagota Grovers Mill, kijiji cha New Jersey. Urefu wa mchezo haufiki saa moja kamili.

Anayeingia akitarajia mizinga tangu mwanzo atachoka mapema. Baada ya utangulizi wa Welles na taarifa ya hali ya hewa, unapelekwa hotelini kusikiliza bendi ya dansi. Muziki unakatizwa: kuna milipuko imeonekana Mirihi. Tunaomba radhi, tunarudi kwenye muziki. Unakatizwa tena, unarudi tena. Kwa kumbukumbu za John Houseman, aliyekuwa mshirika wa Welles, ni Welles mwenyewe aliyeshikilia vipande hivi vya muziki virefushwe mpaka viudhi. Alikuwa na haki. Taarifa inayokatiza muziki mzuri inaaminika kuliko taarifa iliyopangiwa saa yake, kwa kuwa hakuna kituo kinachokata burudani bila sababu. Anayeusikiliza leo akiruka muziki ili afike kwenye vita anajinyima nusu ya utamu, maana hofu inajengwa na ile subira.

Msikilizaji wa Kenya ana faida ambayo Mmarekani wa leo hana. Wenye umri wa kukumbuka Agosti 1, 1982 wanajua maana ya redio kubadilika sauti ghafla. Asubuhi hiyo askari waasi wa Jeshi la Wanahewa waliiteka Sauti ya Kenya, na Leonard Mambo Mbotela, sauti iliyozoeleka nchi nzima kwa kandanda, akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Aliyekuwa na redio siku hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini mtu angemwamini mtangazaji wa CBS. Vijana wanahitaji kuelezwa kidogo: hapakuwa na simu ya kuchungulia ili kuhakikisha. Sauti ndiyo ilikuwa ushahidi wenyewe.

Sasa tuje Grovers Mill, kwani hapa ndipo uandishi wa Koch unapong'aa. Kitu kikubwa cha chuma kimeanguka shambani, na mwanahabari Carl Phillips anamhoji mwenye shamba, mzee Wilmuth. Mzee anaanza kwa sauti ya chini, anaambiwa asogee karibu na aongeze sauti. Anaeleza kwamba alikuwa akisikiliza redio huku akisinzia. Phillips hana haja na usingizi wake, anataka kujua alichokiona, na anamsukuma. Mzee hasukumwi; anarudi kulekule kwenye kiti chake na redio yake, kisha ndipo anafika kwenye mlio kama wa fataki na mstari wa kijanikijani angani. Yeyote aliyewahi kusikia ripota wa Ramogi FM au Mulembe FM akimhoji shahidi wa ajali pale kwenye mzunguko anamjua mzee huyu. Ni yule anayeanza na alichokunywa asubuhi. Dakika mbili hizi hazisogezi kisa mbele hata kidogo, ila bila hizo hakuna ambaye angeliamini lile jitu linalotoka baadaye. Upuuzi wa kweli ndio unaoubeba uongo mkubwa.

Halafu kifuniko kinaanza kuzunguka. Phillips anakisogeza kipaza sauti ili wasikilizaji wasikie mkwaruzo wa chuma, na umati nyuma yake unavuma, polisi wakiwasukuma watu nyuma. Anachokieleza kikitoka hakielezwi kwa mpangilio: kwanza kitu kama nyoka wa kijivu, kisha mwingine, kisha mwili mkubwa kama dubu unaometa kama ngozi iliyolowa, kisha mdomo wenye umbo la V unaodondosha mate. Sentensi hazimaliziki. Anasema hawezi kuendelea kutazama, na anaendelea. Frank Readick, aliyeigiza nafasi hii, alijiandaa kwa kusikiliza mara nyingi rekodi ya mwanahabari Herbert Morrison, aliyeshuhudia chombo cha angani cha Hindenburg kikiteketea Lakehurst, New Jersey, Mei 6, 1937. Ndiyo maana pumzi yake inakatika mahali ambapo mwigizaji wa jukwaani angevuta ili apaze sauti.

Miale ya moto inawashwa. Watu wanaungua. Phillips anasema moto unaelekea upande wake, yadi ishirini kuliani, kisha kipaza sauti kinaanguka.

Kimya.

Ni sekunde chache mno ukizihesabu kwa saa, lakini kwenye redio ni nyingi kupita kiasi, kwa sababu kituo kinachonyamaza ni kituo kilichokufa. Kisha mtangazaji wa studio, bila kujua aseme nini, anaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo, na kinanda kinapigwa taratibu. Hakuna mlio wa bomu ambao ungefanya kazi hiyo. Mafundi wengi wa michezo ya sauti leo hawalielewi jambo hili: wanarundika milio mitano, mmoja juu ya mwingine, ngurumo, vioo, ving'ora, na msikilizaji hajui amtazame nani kwa masikio yake.

Kilele cha pili kiko kwenye paa la jengo la redio jijini New York. Ray Collins ndiye mtangazaji wa mwisho aliyebaki, na kazi yake ni kutangaza moshi wa sumu jinsi mtangazaji wa kandanda anavyofuata mpira. Moshi unavuka barabara ya sita. Unavuka barabara ya tano. Uko yadi mia moja. Uko futi hamsini. Msikilizaji wa Kondele, Kisumu, asiyeijua New York hapotei, kwa sababu barabara zenyewe zimepewa nambari na nambari zinashuka. Mwili unaanguka, honi za meli zinalia kwa mbali, kisha hata hizo zinazima. Baadaye sauti ya mpigaji redio mmoja wa ridhaa inaita na kuita, ikiuliza kama kuna yeyote hewani.

Hapo ni karibu dakika ya 40, na kwa haki mchezo ungeishia hapo.

Kabla ya kuja kwenye nusu ya pili, tuhesabu saa, kwa maana hapa mchezo unadanganya waziwazi. Taarifa ya kwanza inasema milipuko ya Mirihi ilionekana saa moja na dakika 40 usiku kwa saa za Chicago, yaani saa mbili na dakika 40 kwa saa za New York. Kitu kinaanguka Grovers Mill saa mbili na dakika 50. Profesa Pierson, mtaalamu wa nyota wa Princeton anayeigizwa na Welles mwenyewe, ametuambia Mirihi iko maili milioni 40, yaani kilomita kama milioni 64. Ongeza dakika tatu na nusu ambazo mwanga wenyewe ungechukua kufika kwenye darubini, na chombo kimesafiri umbali huo kwa dakika 14 hivi. Hiyo ni zaidi ya robo ya kasi ya mwanga. Kitu chenye kasi hiyo hakitui shambani na kuchimba shimo; shamba, kijiji na wilaya nzima vingepeperuka.

Si hivyo tu. Telegramu inayosomwa mbele ya Pierson inasema mtikisiko ulisikika saa tatu na robo, halafu taarifa inayofuata inasema kitu kilianguka saa mbili na dakika 50. Mshindo umechelewa dakika 25! Na studioni, wakati taarifa hiyo inasomwa, hata robo saa ilikuwa haijapita tangu mchezo uanze saa mbili kamili. Aliyekuwa na saa ukutani alihitaji kuinua macho tu. Phillips na profesa, nao, wanajisifu kwamba wametoka Princeton maili 11 kwa dakika kumi. Ni kilomita kama 18, mwendo ambao kutoka Kisumu haukufikishi hata Ahero, kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, usiku, wakati matatu zetu zimefungiwa 80. Mbaya zaidi, kwenye mchezo safari hiyo inachukua muda wa wimbo mmoja usiokamilika.

Ukiwa umeingiwa na kisa huoni lolote kati ya haya. Ukiusikiliza mara ya pili unaona yote. Ndipo unapogundua kwamba Koch hakushughulika kabisa na anga wala fizikia. Alishughulika na namna taarifa zinavyopokezana. Wanajeshi 7,000 wanapelekwa dhidi ya mashine moja, na wanaosalia ni 120. Tarakimu hizo zinasomwa kwa sauti kavu ya taarifa ya habari, na zinauma kuliko kilio. Waziri wa mambo ya ndani anahutubia taifa kwa sauti inayofanana mno na ya Rais Roosevelt. Mwigizaji Kenny Delmar alijua alichokuwa akikifanya, na Wakenya tuliolelewa na waigaji wa sauti za marais tunamkamata mara moja.

Nusu ya pili, baada ya tangazo la kituo, ni mchezo mwingine kabisa. Redio imekufa ndani ya kisa, kwa hiyo mbinu yote ya taarifa imekufa nayo, na hakuna kilichowekwa badala yake isipokuwa Welles akizungumza peke yake robo saa na ushei. Pierson amejificha, anaandika, anatembea kuelekea Newark, anakutana na mtu anayepanga kuishi kwenye mitaro ya majitaka na siku moja kuziteka zile mashine na kuutawala ulimwengu. Mazungumzo hayo yana uzito wake: yule mtu anatisha kuliko Wamirihi. Lakini sauti ya Welles imejaa utukufu, kila neno limepigwa pasi, na ukitoka kwenye pumzi zilizokatika za Readick unajiona umehamishwa kutoka shambani hadi kwenye mahubiri. Wamirihi wanauawa na bakteria, ndege wa Central Park wanadonoa mabaki, tumemaliza. Kwa msikilizaji wa ukanda wa ziwa, ambako malaria haihitaji kuelezwa, wazo la mvamizi kushindwa na kidudu kisichoonekana lilistahili zaidi ya sentensi chache za haraka. Nusu ya kwanza ningeipa 9 kwa 10. Ya pili 5, na moja kati ya hizo ni ya yule mtu wa mitaro.

Kasoro nyingine ni za zama zake. Hakuna mwanamke aliyepewa nafasi yenye uzito: maprofesa, makapteni, marubani, watangazaji, wote ni wanaume, na mara nyingine sauti mbili za kiume zinafanana kiasi kwamba huwezi kujua nani kamaliza na nani kaanza. Waigizaji wachache waligawana nafasi nyingi, na inasikika. Kiingereza chenyewe ni cha Marekani ya miaka ya 1930, kinachosemwa upesi. Anayetaka kuusikilizisha darasa la shule ya upili pale Maseno au Njoro aandike kwanza ubaoni majina manne: Pierson, Phillips, Wilmuth, Grovers Mill. Hayo yanatosha. Majina ya barabara kuu na miji inayotajwa na wanajeshi yaachwe yapite. Hata huko ni pambo tu.

Kuhusu kuupata na kuupakua. Rekodi zake zimejaa mtandaoni bila malipo, ila haziko sawa. Asili yake ni santuri, chaneli moja tu ya sauti, yenye mchakacho kidogo na besi kidogo sana. Kwa hiyo faili ya kilobiti 64 kwa sekunde inatosha na kubaki: ni kama MB 28 kwa mchezo wote. Ya 128 itakula MB 56 za bando lako bila kukuongezea chochote. Ya 32 inaanza kuzila herufi za s na f, na yule mzee Wilmuth hutamwelewa. Jihadhari na nakala zilizosafishwa kupita kiasi: mchakacho umeondolewa, sawa, lakini umati unaovuma nyuma ya Phillips umeondoka nao, na sauti zinakuwa kama za watu walio ndani ya tangi la maji. Jihadhari pia na zilizokatwa mwanzo ili zianzie kwenye vita. Hakikisha faili inaanza na kutangazwa kwa Mercury Theatre, kisha utangulizi wa Welles.

Kuna kosa moja linaloharibu kila kitu na wengi hawalijui. Programu nyingi za simu za kusikilizia podikasti zina kipengele cha kufupisha kimya. Ukikiacha kimewashwa, simu itakata zile sekunde za baada ya Phillips kuanguka, na kinanda kitaingia papo hapo kana kwamba hakuna aliyekufa. Kizime. Kasi nayo iache kwenye moja. Kwa moja na nusu, subira iliyojengwa na Welles inageuka haraka ya kawaida. Kwa kuwa sauti ni ya chaneli moja, kisikizi kimoja kinatosha, na wawili wanaweza kugawana bila mmoja kupoteza kitu. Mvua ya alasiri juu ya mabati Kakamega au Kisii itakushinda hata ukiongeza sauti mpaka mwisho. Usiku ndio wakati wake, na stima zikipotea ni bora zaidi.

Ile habari kwamba Marekani nzima ilikimbia mitaani usiku ule ichukuliwe kwa tahadhari. Walikuwepo walioogopa kweli, lakini magazeti yaliikuza mno. Uchunguzi wa kampuni ya C. E. Hooper uliofanywa kwa simu wakati mchezo ukiendelea, kwa nyumba kama 5,000, ulipata asilimia 2 tu waliokuwa wakiusikiliza. Wengi walikuwa kwenye kituo cha NBC wakicheka na Edgar Bergen na kikaragosi chake. Kilichotokea Quito, Ecuador, Februari 1949 ndicho kisichopaswa kusahauliwa. Redio Quito iliuigiza kwa Kihispania, na umati uliogundua umedanganywa ukalichoma jengo lililokuwa na kituo hicho na gazeti la El Comercio. Watu walikufa. Kwa hiyo anayefikiria kukata dakika tano za Kiswahili za mchezo kama huu na kuzisambaza WhatsApp bila utangulizi afikirie mara mbili.

Na kwa Kiswahili unafaa kuigizwa, tena sana, mradi wasanii wetu waibe mbinu na kuyaacha majina. Penseli ikianguka Nakuru, kila kitu kiko tayari: kasoko ya Menengai ya kutulia chombo, mashamba ya Rongai ya mzee wa kuhojiwa, kambi ya Lanet ya wanajeshi, na barabara kuu ya Nairobi ya kufuatia maangamizi kituo kwa kituo, Gilgil, Naivasha, mpaka mji mkuu. Saa zipangwe sawa safari hii. Nusu ya pili ipunguzwe iwe dakika saba. Neno la mwisho la Welles kuhusu Halloween, ile sikukuu ya Wamarekani ya kutishana, litupwe, kwa maana huku haligongi mlango wa mtu. Na mahali pa yule mpigaji redio anayeita akiuliza kama kuna yeyote hewani, mama mmoja Nakuru apige simu kwa mwanawe aliyeko Nairobi. Iite mara moja, ikatike. Apige tena. Kisha iingie ile sauti ya kike, tulivu, inayojulikana na kila Mkenya: samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.